Mtoto anasoma sheria, anataka staji mu muziki: tumcheke ao tumpe nafasi?

Kila mwaka, wakati wa staji ukifika, watoto wetu wenye kusoma sheria hapa Kolwezi na kule Lubumbashi wanabisha milango ileile: parke, tribunali, biro za ba avoka, na biro ya sheria ya kampuni za mugodi. Sisi wa sendika tunajua ile safari, maana wazazi wao ni wenzetu wa kazi. Wanatuletea barua ya fakulte, wanasema: "Delege, uko na mtu kule kampuni, umusemeleyeko mtoto." Na tunafanya vile tunaweza.

Mwaka huu kumekuja barua ya namna ingine. Binti wa mwenzetu mmoja, fundi wa mashini mwenye kufanya kazi ya usiku, anasoma sheria. Mu nafasi ya kuandika mahali anataka kufanya staji, ameandika: kazi ya muziki. Si kuimba, si kucheza. Anataka kujifunza sheria ya muziki: kontra za wanamuziki, haki ya mwenye kutunga, feza za radio na za intaneti, na urithi wa nyimbo kisha mwenyewe kufa.

Baba yake alikasirika, na tunamuelewa. Minervali inatoka mu mshahara wa mugodi. Chumba cha kupanga kinatoka mu mshahara wa mugodi. Vitabu vya profesa ni vilevile. Akasema mbele yetu: "Mimi ninalipa feza mtoto asome sheria, yeye anaenda mu orkestra!" Mama naye aliogopa mambo ya usiku, ya baa na ya watu wenye kulewa. Ile woga si ya bure. Mzazi wa Kolwezi anajua macho gani watu wanamtupia binti akipita karibu na orkestra.

Lakini binti alimjibu baba yake na ulizo moja, na ile ulizo njo imetufanya tuandike leo: "Papa, weye uko kazini miaka mingi. Kama patron anakuletea karatasi inasema: kila kitu utafanya na mikono yako, leo na kesho, hapa na mu dunia yote, ni yangu, na mimi njo nitakuambia ngapi inabakia yako, utasaini?" Baba akasema hapana, hata mara moja. Binti akasema: "Basi Papa, wanamuziki wanasaini ile karatasi kila siku."

Mwenye kupima njo mwenye kununua

Ba ndugu, tuchukue mfano wa kwetu. Mchimbaji wa mikono anashuka mu shimo, anatoka na mifuko yake, anafika kwenye depo. Mnunuzi anapima kilo. Anapima teneur na mashini yake mwenyewe. Anatosha maji, anatosha hii na ile, mwisho anasoma bei. Mchimbaji hana mashini. Anapokea ile anaambiwa. Miaka mingi watu wa hapa wanapiga kelele juu ya ile mizani na ile mashini, na sababu inajulikana: mwenye kupima njo yeye mwenye kununua.

Sasa tazameni kijana wa kartie mwenye kuimba. Anatengeneza wimbo mu studio kidogo, unapendwa, watu wanaupitisha mu simu. Siku moja mtu anamtumia kontra, kurasa nyingi, mu Kifaransa kigumu ao mu Kiingereza. Inasema atapata asilimia fulani ya "net". Net ni nini? Ni ile inabakia kisha kutosha feza za studio, za klipu, za kupitisha wimbo mu radio, za safari, na kila kitu kingine mwenye kontra ataandika. Nani anaandika hesabu? Yeye mwenyewe mwenye kununua. Ni maji ya depo yaleyale, lakini safari hii yanatoshwa kwa wimbo.

Kuna pia ile wanaita avansi. Kijana anapokea feza mu mkono, anafikiri amelipwa. Anawanunulia wazazi bati, anafanya karamu. Hapana. Mara nyingi avansi ni deni juu ya feza za kesho. Mpaka wimbo ulipe ile deni yote, kijana hatapata hata kitu. Wenzetu wenye kukopa kwa mshahara wa mwezi unaokuja wanajua ile uchungu.

Binti alituonyesha maneno manne ya kutazama mbele ya kusaini. Moja: muda. Kontra inaisha mwaka gani? Kama inasema "milele" ao "muda wote wa haki", ni kuuza shamba, si kupangisha. Mbili: mahali. Ni kwa Kongo tu, ao kwa dunia yote? Tatu: asilimia ya nini? Ya feza yote inaingia, ao ya ile inabakia? Ine: mlango wa kutoka. Kama mwingine hatimizi kazi yake, wewe unaweza kuondoka na nyimbo zako? Haya maneno manne, hata mtu wa mugodi anaweza kuyauliza. Hayaitaki diploma. Lakini inahitaji mtu wa kuyatafuta mu karatasi, juu yanafichwa mu maandishi madogo.

Sheria iko tangu zamani

Watu wengi wanafikiri muziki hauna sheria mu Kongo. Iko. Ni ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka wa 1986, juu ya haki za watungaji na haki za jirani, ni kusema za waimbaji na wapigaji. Inchi yetu iko pia ndani ya mapatano ya Berne yenye kulinda watungaji mu inchi nyingi za dunia. Mambo makubwa ni haya. Wimbo ni wa mwenye kuutunga tangu siku ile aliutunga, hata kama hajaandikisha mahali popote. Haki yake inadumu maisha yake yote, na miaka 50 kisha kufa kwake inakuwa ya warithi wake. Na hata kama ameuza faida ya wimbo, anabakia na haki ya kutajwa kama mtungaji.

Kwa kukusanya feza, zamani kulikuwa SONECA, iliyoanzishwa mwaka wa 1969. Tangu mwaka wa 2011 kuna SOCODA, kooperative ya watungaji wenyewe, makao yake makubwa ni Kinshasa. Mwanamuziki anajiandikisha, anaandikisha nyimbo zake, na kooperative inapaswa kuomba malipo kwa radio, kwa televizio, kwa hoteli na kwa baa zenye kupiga ile miziki, kisha kugawa. Vile njo imeandikwa. Lakini kutoka hapa mpaka Kinshasa si safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, na kujaza zile karatasi kunataka mtu mwenye kuzielewa. Kijana wa Manika ao wa Dilala atamwona nani?

Sisi wa sendika tunajua tofauti kati ya sheria iliyoandikwa na sheria yenye mtu wa kuisoma. Kodi ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002 inasema: mtu wa kazi ya siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kama anaandikwa tena mbele ile miezi miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Ile neno liko ndani ya kitabu tangu siku ya kwanza. Lakini ni wangapi mu kazi za sutretansi waliotumikia miaka kama watu wa siku, juu hakuna mtu aliyewafungulia ukurasa? Mahali delege alisoma na akahesabu siku, watu walipata haki. Mahali hakuna mwenye kusoma, kitabu kilikuwa karatasi tu. Kwa wanamuziki ni vilevile, na wao hawana hata delege.

Mabanga: jiwe lingine

Wasomaji wetu wanajua vizuri mabanga. Mu Lingala, libanga ni jiwe. Kutupa libanga ni kutaja jina la mtu mu wimbo, na yule mtu analipa. Mu nyimbo za inchi yetu tunasikia majina ya wakubwa wa biashara, wa siasa, hata wa madini. Watu wanacheka, wanasema wanamuziki wanapenda feza.

Tuulize kwanza sababu. Kama wimbo wenyewe ungelipa kila mara unapigwa mu radio, mu hoteli, mu baa, mwimbaji angehitaji kuimba jina la mkubwa? Libanga imekuwa mshahara mahali haki haifiki. Mwenye kulipwa na mkubwa hawezi kuimba juu ya mkubwa. Na sisi wa migodi tunapoteza kitu pale: nyimbo za kusema vumbi la kwetu, maji yetu, ajali zetu. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, za Kinshasa na za Brazzaville, kati ya urithi wa wanadamu wote. Ni heshima kubwa. Lakini heshima ya UNESCO hailipe minervali ya mtoto wa mpiga gitaa.

Masanga na Mbube

Tuko na mfano wa nyumbani. Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, leo ndani ya jimbo letu la Lualaba. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtu wa kukusanya miziki ya Afrika, alimsikia Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, akachukua sauti yake na gitaa yake. Wimbo "Masanga" ulitoka pale. Disiki zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, chini ya alama ya Gallotone. Ile gitaa ya vidole ilienda mbali: Bosco alifika mpaka Nairobi, na wapigaji wengi wa Kenya walijifunza kwa kumfuata. Mpaka leo kuna watu Ulaya na Marekani wenye kujifunza "Masanga" kidole kwa kidole.

Bosco alikufa mwaka wa 1990, mu ajali ya motokari kule Zambia. Sasa fanyeni hesabu na sheria ya 1986: 1990 na miaka 50 inatoa 2040. Nyimbo alizotunga yule mtu wa Bunkeya ziko na wenyewe mbele ya sheria ya Kongo mpaka mwisho wa mwaka wa 2040. Hii si hadithi ya babu. Ni mali yenye tarehe, kama kibali cha mugodi chenye tarehe.

Na mfano wa pili unatuonyesha mwanasheria anaweza kufanya nini. Mwaka wa 1939, Solomon Linda, Mzulu, aliimba "Mbube" Johannesburg, mu studio ya ileile Gallo. Haki za wimbo zilienda kwa kampuni, na inajulikana kwamba mwenyewe alipata shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, Wamarekani wakauimba upya, mwaka wa 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka wa 1994 ukaingia mu filimu "The Lion King". Dunia yote inaujua. Solomon Linda alikufa mwaka wa 1962, maskini, na binti zake walikomea mu umaskini Soweto.

Kisha mwanasheria wa Afrika Kusini, Owen Dean, alifungua kitabu cha zamani: sheria ya Waingereza ya mwaka wa 1911. Ndani yake kulikuwa neno moja: kama mtungaji ameuza haki zake, miaka 25 kisha kufa kwake zile haki zinarudi kwa warithi. Linda alikufa 1962. Basi tangu 1987 wimbo ulipaswa kurudi kwa binti zake. Mwaka wa 2004 mashitaka yalifunguliwa juu ya Disney mu tribunali ya Afrika Kusini, na mwezi wa 2 mwaka wa 2006 mapatano yakafanyika: binti za Linda walipata malipo ya miaka iliyopita na sehemu ya feza zenye kuja. Si gitaa iliyowapa ile. Si huruma ya mtu. Ni mtu wa sheria aliyesoma karatasi ya zamani, na akajua muziki ni mali.

Mu familia zetu, mtu akikufa tunahesabu nyumba, motokari, disconte ya mwisho ya kampuni. Nyimbo hatuhesabu. Kaye ya maneno inatumika kufungia karanga.

Staji itafanyika wapi?

Binti hakukaa tu nyumbani kuota ndoto. Alipeleka barua zake. Studio moja ilimuambia haina biro wala mwanasheria, iko na kompyuta na mikro tu. Radio moja ilimuambia apite kesho, kisha kesho ingine. Biro moja ya avoka ilimpokea vizuri, lakini ikasema kazi yao ni madini, mashamba na talaka. Wimbo, hapana, hawajapata bado. Hapa kwetu hakuna ile jumba kubwa la muziki lenye mlango wa staji. Kwa hiyo staji yenyewe inapaswa kutengenezwa.

Kwanza, fakulte inataka mtu mkubwa wa kumwongoza na kumpa pointi, na mwisho ripoti. Mwanafunzi si avoka. Hana haki ya kusimama mbele ya tribunali juu ya mtu, wala ya kuchukua feza kwa shauri. Anasoma, anaandika, anaonyesha mkubwa wake, mkubwa njo anasaini. Wazazi wajue hiyo, na wanamuziki wajue hiyo.

Pili, kazi iko. Kuketi na mwanamuziki na kuandika orodha ya nyimbo zake: nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipiga, mwaka gani, tumegawana namna gani. Mambo mengi ya kugombana mu orkestra yanaanza pale, juu waliandika wimbo wanne na karatasi ina jina moja. Kisha kusoma kontra mbele ya kusaini. Kisha kutayarisha karatasi za kujiandikisha SOCODA. Kisha kuuliza wenye hoteli na wenye baa wanalipa nani na kwa risiti gani. Hii yote inafanyika mchana, kwenye meza, na mlango wazi. Mama yake aliposikia ile, aliuliza tu saa ya kurudi nyumbani.

Tatu, tumeongea na avoka mwenye kutusaidia mu mashauri ya kazi. Amekubali kuwa mkubwa wa staji, lakini ametia sharti: siku mbili kila juma binti atafuata mashauri ya wafanyakazi, na siku tatu atafanya ya muziki. Baba alifurahia ile siku mbili. Binti alifurahia ile siku tatu. Sisi tumetoa meza na kiti mu biro ya sendika. Kompyuta hatuna ya kumpa; atatumia kaye, sawa vile sisi tunafanya.

Wamoja mu komite waliuliza: sendika ya migodi inaingilia nini muziki? Jibu ni hili. Yule mpiga gitaa wa Jumamosi, mara nyingi Jumatatu iko mu karieri. Yule mwimbaji wa kwaya ni mke wa mwenzetu. Yule kijana wa rap ni mtoto wa mtu aliyefukuzwa kazi. Mtu anayefanya kazi na hana kontra, hana CNSS, hana mtu wa kumhesabia, ni mfanyakazi, hata kama kazi yake ni kuimba.

Barua ya fakulte inapaswa kurudi na sahihi mbele ya mwisho wa mwezi. Ya avoka iko. Ya sendika iko. Inabakia kazi yenyewe, na ile inatoka kwenu. Kama mu nyumba yenu kuna mtu anayetunga nyimbo, za baa ao za kanisa, amwambie asisaini kitu mu simu mbele ya kuonyesha mtu wa sheria. Kama kuna kontra ya zamani, disiki ya baba, kaye ya maneno, picha ya orkestra yenye majina nyuma, msitupe. Mlete kopi kwenye biro, siku ya Jumatatu mpaka Jumatano, mchana, na muandike juu yake jina la aliyetunga na mwaka alikufa, kama alikufa. Ile tarehe njo ya kwanza binti atauliza.